Kiondo Kilichobaki Ruiri

Wanja alikuwa na sheria moja ya safari ambayo hakuna aliyewahi kumfundisha na hakuna ambaye angeweza kumwondolea: huingii nyumba ya mtu mikono mitupu. Kwa hiyo asubuhi ile ya Agosti, binti yake Njoki alipofungua buti ya gari pale Majimbo, mjini Embu, ili aweke mabegi, alikuta kiondo kimeshatangulia. Kilikuwa kimejaa pomoni, kimefunikwa leso safi, na kimekalia nafasi nzuri kuliko abiria.

"Mami, hiki ni cha nani?"

"Cha wenye nyumba."

"Wenye nyumba gani? Si tunaenda kulala gesti? Tunalipa. Hakuna mtu wa kupelekewa kiondo."

"Tutalala kwao ama hatutalala?"

"Tutalala."

"Basi."

Njoki akafunga buti. Alikuwa mwalimu wa sekondari kule Thika, mwanamke wa kunyamazisha darasa zima kwa jicho moja, lakini jicho hilo halijawahi kufanya kazi kwa mama yake.

Safari hii ilikuwa imetoka kwa Njoki, na sababu yake haikuwa kubarizi tu. Runji, mumewe Wanja, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Baada ya hapo Wanja akastaafu ukarani, na nyumba yao ya Majimbo ikabaki na mtu mmoja, redio moja na vyumba vya kulala visivyolaliwa. Mutugi, mwanawe mkubwa anayekaa Kitengela, alikuwa ameshampata mpangaji wa kuichukua nyumba nzima kuanzia Septemba, na kwake alikuwa ameshampakia mama yake chumba rangi ya maziwa. Wanja hakutaka kwenda Kitengela. Hakutaka kabisa. Lakini kubaki peke yake pia kulikuwa kunamla, na watoto walikuwa wanaliona.

Njoki ndiye aliyekuja na dawa: nyumba iwe gesti. Ndogo, ya vyumba vichache, yenye chakula cha nyumbani. Embu haikosi wageni wa semina na wa harusi, na mkono wa Wanja wa kuponda mukimo ulikuwa unajulikana mpaka kanisa la pili. Wanja alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo moja.

"Mgeni hauziwi chai."

Hapo ndipo mazungumzo yalipokwama mwezi mzima. Angewezaje kumkaribisha mtu chini ya paa la Runji, amwekee chakula, kisha amnyooshee mkono amwambie lete? Runji aliyekuwa akiwafungulia lango hata wauza vitabu! Ndipo Njoki akasema, twende Meru wakati wa likizo tukaone wenzako wanavyofanya. Tukirudi ukisema hapana, mimi mwenyewe nitampigia Mutugi aje na lori.

Kwa hiyo walishika njia ya Runyenjes, mlima ukiwa kushoto kwao umejifunika mawingu kama kawaida yake ya Agosti, mashamba ya chai na kahawa yakipanda na kushuka. Chuka walisimama wakala nduma moto kwa chai, zile nduma za unga ambazo ukizivunja zinatoa mvuke. Wanja alizisifu, halafu akasema za kwake ni laini zaidi. Hilo lilimpa Njoki matumaini, maana mtu anayeshindana na meza ya mwenzake hajafa moyo.

*

Mitunguu walifika jua likiwa kali. Huko ni chini, joto lake halijui kama juu Imenti watu wamevaa sweta. Gesti ilikuwa katikati ya migomba, vyumba vya mawe vyenye baraza dogo kila kimoja, na maji ya kunyunyizia yakizunguka shambani yakisema chi-chi-chi mchana kutwa. Mwenyewe alikuwa kijana mmoja, Bundi, mchangamfu, simu mkononi na kalamu sikioni.

Wanja alishuka na kiondo chake. Akakitoa kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa.

Bundi alikipokea akafunua leso. Ndani mlikuwa na ndizi. Ndizi za kuiva, mkungu mzima uliokatwa vichane, kutoka nyuma ya jikoni la Majimbo.

"Mama," Bundi akasema polepole, "umeleta ndizi Mitunguu?"

Njoki aligeuka akaangalia migomba. Ilikuwa mbele, nyuma, kulia, kushoto, mingine imeegemea ukuta wa choo. Akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akashika bodi ya gari. Wanja naye alijitia hamnazo. Zawadi ni zawadi, alisema, na za Embu zina ladha yake. Bundi akaita watu wa jikoni waje waonje, wakaonja, wakakubali kwa adabu kwamba kweli zina ladha yake.

Jioni wakaletewa matoke yaliyopikwa na nyama ya mbuzi, mchuzi mzito, na juu yake vipande vya parachichi. Wanja alikula akanyamaza, na kunyamaza kwake juu ya chakula ni sifa kubwa kuliko maneno. Baadaye alilala usingizi mzito. Aliamka jua limeshapanda, jambo ambalo hakukumbuka kulifanya tangu aolewe. Hakuna aliyebisha hodi kumuuliza amelalaje. Hakuna aliyemtazama kwa lile jicho la pole. Tangu mazishi, kila nyumba aliyoingia alipokewa kwa pole, akaketishwa kwa pole na kuombewa kabla chai haijapoa. Hapa alikaa barazani na kikombe chake akitazama maji yakizunguka, na alijisikia mwepesi. Akaona haya kujisikia hivyo, akajiambia ni hewa tu.

Kisha akarudi chumbani akakuta kiondo kitandani. Kimekung'utwa vizuri, kimekunjwa, kimewekwa kando ya taulo na kipande cha sabuni. Kitupu.

"Njoki," aliita. "Njoo uone."

"Wamekirudisha. Si ni vizuri?"

"Wamekirudisha kitupu."

Njoki alimwelewa, kwa sababu alilelewa na mwanamke huyo huyo. Kwao kiondo hakirudi kitupu. Ukipelekewa maharagwe unarudisha sukari, ukikosa sukari unarudisha viazi, ukikosa kabisa unaweka hata yai moja ili kiondo kisilie. Kiondo kitupu ni kumwambia mtu njia uliyojia ndiyo hiyo.

"Mami, huyu ni kijana wa biashara. Hakuwa na maana mbaya."

"Sijasema ana maana mbaya. Nimesema ndivyo mtu anavyokuwa akizoea kuuza chai." Akakikunja mara ya pili, ingawa kilikuwa kimeshakunjwa. "Sasa nimeona. Tunaweza kurudi nyumbani."

Njoki alimsihi kwa shida. Chumba cha Ruiri kilikuwa kimeshawekwa, na mwenyewe alikuwa anawangoja. Wanja alikubali shingo upande, ila akamsimamisha sokoni Nkubu akanunua njahi, yale maharagwe meusi, na majani ya chai, akajaza kiondo upya. Kutukanwa Mitunguu hakukuwa sababu ya kwenda Ruiri kama mkorofi.

*

Ruiri kulikuwa na upepo. Upepo unaotoka kule chini Isiolo, unaopiga mabati na kuvuruga vitambaa vya kichwa bila kubagua. Gesti ya Karwirwa ilikuwa nyumba ya kawaida ya mbao, imeongezwa vyumba upande mmoja kadiri mwenyewe alivyopata mbao, kwa hiyo hakuna madirisha mawili yaliyolingana. Mapazia yalikuwa ya maua makubwa. Kila kitanda kilikuwa na blanketi mbili nzito, na kila mlango ulikuwa na mkeka wa kupangusia miguu uliofumwa kwa matambara ya rangi. Ukikaa nyuma ya nyumba unaona nyanda za kaskazini zimelala mpaka macho yachoke. Njoki alipiga picha hata kabla ya kusalimia.

"Muga!" Karwirwa aliwasalimia kwa Kimeru kutoka jikoni, akatoka akijipangusa mikono. Alikuwa mjane wa rika la Wanja, Mama Kinoti kwa majirani, mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alikipokea kiondo bila maneno mengi, akakipeleka ndani moja kwa moja, na Wanja akakiona kinapotelea nyuma ya mlango. Haya, alijisemea moyoni, tuone hiki kitarudi vipi.

Walikula mukimo wa njahi na viazi, uliopondwa na ndizi mbichi, na mboga za terere pembeni. Wakanywa uji mchachu wa wimbi uliokuwa umelala kwenye kibuyu. Wanja alijaribu kukaa kama mgeni. Alijaribu kweli. Lakini kumtazama mwanamke mwenzako akimenya viazi peke yake huku wewe umeweka mikono magotini, hilo lilimshinda. Mpishi wa Karwirwa alikuwa ameenda kwao mazishini. Kufikia asubuhi ya pili Wanja alikuwa amefunga leso kiunoni na anajua chumvi inakaa wapi.

"Mama Njoki," Karwirwa akamwambia siku hiyo, karibu na saa ya chakula cha mchana, "niangalizie hii sufuria ya maharagwe. Mimi nakimbia sokoni nyama isiishe."

Njoki alikuwa amepanda kilimani na simu yake kutafuta picha zaidi. Wanja akabaki na jiko.

Hapo ndipo gari la wazee watatu liliposimama. Waliingia wakikung'uta magoti ya suruali kutoa vumbi: wanakamati wa ushirika wa maziwa, wakienda mkutano Isiolo, na mkubwa wao akijitambulisha kwa jina la Naftaly. Waliuliza kama kuna chakula. Wanja akawaambia karibuni, ni nyumbani. Akawapakulia mukimo, akawatilia mchuzi wa kuku, akawatengenezea chai ya maziwa iliyochemka ikapanda na kushuka. Walikula kwa bidii. Naftaly alipomaliza akapangusa midomo, akatoa kibeti.

"Sasa mama, bili yetu ni ngapi?"

Wanja alisikia maneno yanamtoka kabla hajayapima.

"Bili ya nini, mzee? Weka hiyo kitu. Mmekula, mmeshiba, ni Mungu."

Wazee walitazamana. Naftaly alirudisha kibeti mfukoni taratibu. Na kwa kuwa sasa hawakuwa wateja tena bali wageni, ikabidi wawe wageni. Mgeni aliyelishwa hainuki akaondoka kama kuku aliyemaliza mahindi. Naftaly aliketi tena. Akauliza habari za watu wa nyumbani. Wanja naye, kwa kuwa sasa ni mwenyeji, hakuweza kuwaacha arudi jikoni. Aliketi akauliza habari za ng'ombe, za mvua, za watoto, na watoto wa Naftaly hawakuwa wachache. Akawaongeza chai, kwa sababu kikombe kikikauka mbele ya mgeni ni aibu. Wakainywa, kwa sababu kukataa pia ni aibu.

Mmoja wao alitazama saa akaificha kwenye mkono wa koti. Kutoka jikoni harufu ya maharagwe yaliyoanza kushika chini ilikuwa inaingia kidogo kidogo. Wanja aliisikia, wazee waliisikia, hakuna aliyesema. Mwenyeji hawezi kumwambia mgeni nenda. Mgeni hawezi kwenda mwenyeji akiwa bado anamimina.

"Na mzee wa kwako?" Naftaly akauliza kwa upole, akitafuta cha kusema. "Yuko salama?"

Basi ikawa lazima kueleza habari za Runji. Ikawa lazima wazee wasikitike. Ikawa lazima kusimama na kuomba, na Naftaly, aliyekuwa mzee wa kanisa na asiyependa kazi nusu, aliomba kwa urefu, akapita kwa wajane wote wa Kenya, akarudi kwa Wanja, akaenda tena. Wanja alifumba macho. Alikuwa anawaza maharagwe. Halafu aliwaza lile baraza la Mitunguu, kikombe chake na maji yakizunguka bila mtu kumuuliza kitu, na akalitamani kwa nguvu iliyomshangaza.

Amina ilipofika, Karwirwa alikuwa amesimama mlangoni na nyama yake kwenye gazeti.

"Mzee Naftaly! Tangu tuliposalimiana njiani bado mko hapa? Si mna mkutano Isiolo?"

"Tuna mkutano," alisema Naftaly kwa unyonge. "Ulikuwa uanze saa nane."

"Sasa mnangoja nini?"

Naftaly alimtazama Wanja, akaangalia chini, akashusha sauti kama mtu anayesema ugonjwa wake. "Huyu mama alikataa pesa yetu."

Karwirwa alielewa papo hapo. Aliweka nyama mezani, akashika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili, akacheka mpaka machozi. Alipopata pumzi alitaja bei, Naftaly akatoa pesa haraka haraka, na ungeona jinsi wale wazee walivyosimama! Migongo ilinyooka. Kofia zikarudi vichwani. Walikuwa wamefunguliwa. Wawili walikuwa wameshaingia garini Naftaly aliporudi hatua chache kumshika Wanja mkono.

"Mama, chakula chako kilikuwa kitamu. Hilo ni kweli kabisa," alisema. "Lakini siku nyingine, tafadhali, tuuzie."

*

Walikwangua sufuria pamoja. Wanja aliomba msamaha kwa maharagwe, kwa chai, kwa majani na kwa sukari, na Karwirwa akamwacha amalize.

"Mimi pia nilianza hivyo hivyo," Karwirwa alisema. "Mwaka wa kwanza nilikuwa nawapa watu chakula bure. Unajua walifanya nini? Waliacha kuja. Mtu atakuja vipi kila wiki kwako kula bure? Anaona haya. Anapitia kwa jirani ananunua chapati baridi." Akageuza sufuria juani. "Akinilipa, hana deni na mimi. Analala anavyotaka, anaamka anavyotaka, hataki kuongea haongei. Kuna watu wanakuja hapa, Mama Njoki, na kitu kimoja tu wanatafuta. Wasiulizwe. Hawa ndio mimi nawauzia."

Wanja aliivuta tena sufuria. Alikuwa anasugua mahali palipokuwa pameshatakata. Jambo lililokuwa limemkaa kifuani tangu Mitunguu sasa lilikuwa na jina, na halikuwa hewa. Alikuwa mmoja wa watu hao. Alikuwa amechoka kupewa pole, amechoka mpaka mifupani, na kijana mwenye kalamu sikioni alikuwa amemuuzia asubuhi moja ya kupumzika bila hata kujua.

"Lakini kiondo," alisema mwishowe, maana hilo bado lilimuuma. "Alinirudishia kitupu."

"Ah! Huyo ni mjinga," alisema Karwirwa mara moja. "Kitanda ni biashara. Kiondo ni kiondo."

Siku ya kuondoka Njoki alilipa kila kitu, kitanda na chakula, na Karwirwa alihesabu bila kuona haya na kumwandikia risiti. Wanja alitazama tendo hilo kwa makini kama mtu anayejifunza kushona. Kisha mabegi yakaingia buti, wakakumbatiana, wakaagana, na mlango wa gari ukafungwa. Wanja akasubiri. Karwirwa alikuwa amesimama tu kwenye upepo, mikono imekunjwa juu ya sweta.

Wanja alishusha kioo. Si jambo la kuulizia, lakini aliulizia.

"Mama Kinoti, kiondo changu?"

"Kiko ndani."

"Si unipe?"

"Nikupe kitupu? Mimi sina haya?" Karwirwa alisogea akaegemea dirisha. "Njahi zangu bado ziko shambani. Zikikauka mwezi wa tisa nitakijaza nikulete mwenyewe, nikae hata siku mbili, mimi pia nimechoka kuulizwa ulizwa na watu wa hapa. Sasa wewe niambie tu. Nikulete wapi? Njoki ameniambia kuna maneno ya Kitengela."

Njoki alikuwa ameshika ufunguo. Hakuuzungusha. Alitazama mbele barabarani kama dereva mwenye adabu ambaye hasikii kitu, ila masikio yake yote yalikuwa dirishani.

Wanja alikiona chumba cha rangi ya maziwa. Akakiona kiondo chake kimesimama mlangoni Kitengela, kimejaa njahi za Ruiri, na yeye hana jikoni la kuzipika kwa sababu jikoni ni la mke wa Mutugi. Halafu akaona chumba cha nyuma pale Majimbo, kile chenye dirisha la kutazama migomba, kimewekwa blanketi mbili nzito na kikombe barazani, na ndani yake mtu amelala mpaka jua lipande na hakuna anayembishia hodi. Runji angelipenda hilo. Runji naye alikuwa mtu wa kuchoka na watu kimyakimya, akiwafungulia lango huku anatamani wangeenda. Hilo Wanja hakuwahi kumwambia mtu yeyote, na sasa lilimfanya atabasamu huku machozi yakimlengalenga.

"Lete Majimbo," alisema. "Ukifika Embu, uliza nyumba ya Mama Mutugi, utaonyeshwa."

"Nitapata pa kulala?"

Wanja alivuta pumzi.

"Utapata," alisema. "Nitakuuzia."